Bandi ya Mkono Mwingine

Kuna mgeni mmoja hapikiwi wala hatandikiwi, habishi hodi wala haagi, na bado hunenepa humo humo nyumbani mwako huku wewe ukikonda. Mtegee mtoto kitendawili hicho, atakwambia panya. Mtegee mwanamke aliyeolewa, atanyamaza kwanza, halafu atatazama pembeni. Ni wivu. Na kwa Ibtisam wa Jeddah mgeni huyo aliingia asubuhi ya Jumamosi, ndani ya mkoba wa safari wa mumewe, amepanda uzi wa kahawia.

Mume mwenyewe alikuwa Mskoti. Kwao aliitwa Sir Ian. Upande wa mkewe walimwita Yahya, jina alilolichukua aliposilimu. Ile "Sir" hakuifanyia kazi wala hakuinunua. Ni cheo kinachoitwa baroneti, nacho hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, kama upara unavyoshuka. Mfalme fulani wa zamani alimpa mkubwa wao mmoja, pamoja na shamba na jumba la mawe. Shamba likauzwa, jumba likauzwa, kikabaki cheo kwa kuwa hakina soko. Yahya alikulia kwenye jumba hilo likiwa linaanguka, na mvua ikinyesha kazi yake ilikuwa kutega ndoo. Ndiyo maana Ibtisam, akiwa na furaha, alimwita Mfalme wa Ndoo, naye huitika.

Hajang'oka hata meno ya utoto, wakampeleka shule ya kulala. Huko alijifunza kutandika kitanda kikanyooka kama jeneza, kushona vifungo vyake, na kutii. Alipokua akaingia jeshi la akiba, kwa sababu baba yake aliingia, na babu yake aliingia. Hata sasa, ndevu zimechanganya mvi, alikuwa meja huko. Kila mwaka aliitwa kwao wiki chache akakimbie milimani na vijana, halafu akarudi Riyadh, ambako kampuni moja ilimwajiri kuwafundisha watu wa viwandani namna ya kukabili moto. Siku za kazi alilala kwenye chumba na sebule huko Al-Murabba. Alhamisi jioni alipanda ndege kwenda Jeddah kwa mkewe na binti yao Samia.

Sasa uje kwenye nguo. Waskoti wana vazi la kiume la sufu, zito, la mirabaraba, lenye marinda nyuma na bizimu kiunoni, huitwa kilti. Ibtisam aliliita kikoi cha baridi. Hilo ndilo lililowakutanisha. Yahya, wakati ule bado Ian na ameshaachana na mkewe wa kwanza, alikuja kwenye chumba cha ushoni cha Ibtisam, mtaa wa Al-Rawdah, amekumbatia kikoi chake kama mtoto mgonjwa. Nondo walikuwa wamekila. Mafundi wote walikuwa wamemcheka. Ibtisam hakucheka. Alichomoa nyuzi kwenye pindo la ndani, akaziba kila tundu, hata mwenye nguo akashindwa kuyaona yalipokuwa. Yahya akarudi na suruali ambayo haikuchanika popote. Akarudi na koti. Mara ya nne hakuleta nguo, akaleta posa.

Na kwao Ibtisam, sindano si kitu cha mchezo. Bibi yake alitoka Unguja mwaka wa mapinduzi akiwa na watoto na fundo la nyuzi za kofia, na alichowafunza wanawake wa nyumba ile ni hiki: kofia ya dukani haina mwenyewe, lakini kofia ya mkono ina mwenyewe. Mume huvaa mkono wa mkewe. Ukiona kichwani pake viua ambavyo hukuvitia wewe, usiulize duka, uliza nyumba.

Kilti haikunjwi ikatiwa mkobani hivi hivi, marinda yatavurugika. Lazima yapigwe bandi, nyuzi ndefu za kuyashikilia, kisha nguo iviringishwe. Ibtisam ndiye aliyeipiga bandi kila safari. Uzi mweupe, hatua ndefu, mwisho anarudisha sindano upande wa kushoto. Wiki ile Yahya alikwenda nayo Riyadh kwenye karamu ya Waskoti wenzake. Jumamosi asubuhi Ibtisam akafungua mkoba aitundike, akakuta bandi si yake. Uzi wa kahawia. Hatua fupi fupi zimelala mshazari, zimefuatana kama chungu waendao harusini. Aliyeshona hivi hakuwa na haraka, na aliipenda nguo, au alimpenda mwenye nguo.

Akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, Yahya, nani kakupangia mkoba? Mumewe alikuwa anamchania Samia nywele kwenye baraza ya ndani. Chanuo likasimama.

"Umepangwa huko huko," akasema, na macho akayaweka chini.

Yahya alikuwa hajui kusema uwongo. Akibanwa, huyaweka macho chini kama mtu aliyedondosha shilingi. Ibtisam akaliona hilo, akafunga mkoba taratibu, akaenda jikoni akaunguza kitunguu.

Tangu hapo kila kitu kikawa na pembe. Kumbe ndiyo maana siku hizi anabeba tende pakiti mbili na si moja. Kumbe ndiyo maana akipiga simu kutoka Riyadh, mara nyingine humsikia anafunga mlango kwanza. Na mwezi huu alirudi na wimbo wa mluzi ambao Ibtisam hakuwahi kuusikia. Mtu mzima na mvi zake haokoti wimbo njiani, anapewa.

Akampelekea mama yake habari. Bi Wafaa alikuwa amekaa na mke mwenza muda mrefu kuliko alivyokaa na meno yake. Akasikiliza huku anachambua mchele, wala hakushtuka.

"Mimi nilijua kwa harufu ya udi," akasema. "Wewe umejua kwa uzi. Kila mtu na ufunguo wake, mwanangu. Lakini usiende huko."

"Kwa nini nisiende?"

"Ukienda, utakuta."

"Ndicho ninachotaka, mama, nikute."

"Hakuna mwanamke anayetaka kukuta. Anataka kwenda."

Lakini Ibtisam alikuwa ameshakata shauri. Uke wenza hauwezi. Kama Yahya amefunga ndoa ya siri Riyadh, atamwomba talaka palepale mlangoni, mbele ya huyo mwanamke, na Jumatano atakuwa kwa mama yake na Samia na cherehani yake. Alilisema hilo bila kulia. Bi Wafaa akasema haya, mtoto mwache hapa, na mchele huu nitakuwekea, utarudi na njaa.

Jumanne, Yahya akiwa amesharudi Riyadh, Ibtisam alipanda ndege akakaa dirishani, na wivu ukakaa kiti cha katikati. Ukamchukua safari ya nyuma, mpaka kwa Maureen. Maureen ndiye mke wa kwanza, yuko huko Uskoti, wala hawajawahi kuonana. Kosa lake lilikuwa moja: hata baada ya kuachwa, kwa desturi yao, jina la Ledi, la mke wa Sir, lilibaki kwake. Kwa hiyo duniani kulikuwa na Ledi wawili wa mwanamume mmoja, na Ibtisam alikuwa ameapa hatakuwa mmoja wa wawili. Ledi wa kwanza alikuwa pia na mtoto wa kiume, Lewis. Siku moja, Samia angali anatambaa, Ibtisam aliuliza kwa mzaha cheo kitakwenda kwa nani. Kwa Lewis, Yahya akajibu. Na Samia? Wasichana hawakipati. Na kama nikizaa mwanamume? Bado ni Lewis, yeye wa kwanza. Mzaha ukaishia hapo. Ibtisam alisema maneno mengi siku ile, mengine hata hakuyakumbuka kesho yake, na tangu wakati huo Yahya hakumtaja kijana huyo tena. Ibtisam aliona amesahau. Akashukuru.

Riyadh joto lilikuwa kavu, linakwangua pua. Teksi ikamshusha Al-Murabba mbele ya jengo la rangi ya biskuti. Ngazini alimkuta mwanamke mrefu, amevaa gwanda la kampuni ya usafi, anapiga deki huku anaimba kwa Kiswahili. Mwanamke, Mswahili, ana funguo kiunoni. Huyu hapa.

Akamsalimu kwa ukali, akamuuliza kama anamjua mzungu wa juu. Yule mwanamke akasema anaitwa Roseline, anatoka Kisumu, na mzungu anamjua, si ni Mista Sir? Hapa wote wanamwita hivyo, walidhani ndilo jina alilopewa na mamake.

Ibtisam akafungua mkoba wake, akatoa kikoi cha baridi alichokuja nacho kama ushahidi, akamwekea marinda chini ya macho. "Hii bandi umepiga wewe?"

Roseline akaegemeza ufagio wa deki. Akaangalia nguo, akamwangalia aliyeileta, akaelewa nusu, na nusu hiyo ikamchekesha.

"Madam, sindano mimi najua ni ile ya hosi, ya daktari. Hii kazi ningekuwa naiweza, ningekuwa hapa na ndoo? Na kwa hiyo nyumba siingiangi. Mzee anajifagilia mwenyewe mpaka nje ya mlango, karibu animalizie kazi."

Ibtisam akaona haya, akaanza kukunja. Roseline akamhurumia, na huruma yake ikawa mbaya kuliko kicheko. Akasema pole pole kwamba lakini mzee hakai peke yake siku hizi. Nani, yeye hajui, yeye huosha ngazi asubuhi na kwenda jengo lingine. "Nasikiaga tu wakicheka. Aki wanacheka hao watu, mpaka unaskia nyumba imekuwa ndogo."

Maneno hayo yalimpiga Ibtisam palipo laini. Yahya alikuwa mtu wa tabasamu. Miaka yote ya ndoa, kicheko chake cha kusikika mlango wa pili angeweza kukihesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Basi huyu mwanamke amempa wimbo, na amempa kicheko.

Akapanda ngazi zilizobaki bila kushika ukuta. Akabisha. Ndani mluzi ukakatika.

Mlango ukafunguliwa na mwanamume. Kijana, peku, mrefu wa kuinama, na sindano imeshikwa kwa midomo. Ibtisam akavuta mtandio upesi akajitanda uso, akaanza kusema samahani, nimekosea mlango. Halafu akayaona masikio. Yalikuwa yamekaa mbali na kichwa, kama vipini vya sufuria. Masikio ya Samia. Kwenye kiti nyuma ya kijana kulikuwa na kilti nyingine, mpya, marinda nusu yamepigwa bandi kwa uzi wa kahawia.

Mkono uliokuwa umeshika mtandio ukashuka wenyewe. Mtoto wa mume si wa kujitandia. Hata sharia haikufichi naye.

Kijana akatoa sindano mdomoni. "Wewe ni Ibtisam," akasema kwa Kiingereza. Halafu, kama mtu aliyefundishwa adabu akiwa mdogo asiweze kuiacha hata nyumba ikiungua, akamkaribisha, akamwondolea nguo kwenye kiti, akamuuliza kama anakunywa chai na maziwa.

Ibtisam alikaa. Akamtazama huyo Lewis anahangaika na birika, na humo kifuani mwake hasira ikawa inatafuta pa kukaa haipaoni. Mke mwenza ungemtukana. Ungemtazama miguu, ungemtafuta kasoro, ungejua pa kuanzia. Mtoto wa mtu utamfanya nini?

Alijifunza wapi kushona? aliuliza, maana ndilo swali pekee lililokuwa tayari. Lewis akasema hapa hapa. Amepata kazi ya kufundisha Kiingereza Riyadh tangu baada ya Ramadhani, na amejiunga na jeshi la akiba kama baba yake. Huko kila mtu hupiga marinda yake mwenyewe. Mwanamume asiyeweza huchekwa. Mzee akamfundisha kwa kilti yake mwenyewe, kijana akavurunda, akafumua, akarudia. Wiki iliyopita ndipo alipopata sawa. Alilisema hilo la mwisho kwa fahari, akaona uso wa Ibtisam, akarudi kwenye birika.

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Yahya aliingia na mikate ya moto mkononi, ametoka kuswali alasiri. Akamwona mkewe. Akamwona mwanawe. Akaiweka mikate mezani, moja juu ya nyingine, akainyoosha kingo zake.

"Tangu Ramadhani, Yahya," Ibtisam akasema.

"Ndiyo."

"Nimekaa nakuoza mwanamke ambaye hayupo. Nimemvua nguo yule maskini wa ngazini kwa macho. Mama ameniwekea mchele wa mtalaka. Kwa nini usiniambie?"

Safari hii macho hayakwenda chini. "Siku ile uliniambia jina lake lisitajwe tena chini ya paa lako."

"Mimi?"

"Wewe. Umembeba Samia. Sikulitaja. Alipokuja, nikamtafutia paa jingine."

Ibtisam hakuyakumbuka maneno yale, lakini aliitambua sauti yake humo, kama unavyoitambua sahani yako kwa jirani. Alikuwa ameolewa na askari akidhani ameolewa na mume tu. Mswahili ukimwambia kwa hasira nenda ukafie mbele, huenda mpaka barazani, akarudi kuuliza chakula. Huyu alipewa amri akaibeba miaka yote, akaizunguka, akaipanga hata ikawa na kodi ya nyumba.

"Ile ilikuwa hasira, Yahya. Hasira si amri."

"Mimi sikufundishwa tofauti yake," akasema.

Hapo angeweza kulia wakapatana, mambo yakaisha. Lakini wivu hautoki kwa kuonyeshwa kuwa umekosea. Unabadili kiti tu. Ibtisam akakitazama kiti cha mumewe na kiti cha kijana, vimeelekeana magoti kwa magoti, na kibweta cha nyuzi katikati, na kile kibweta ndicho yeye alichomnunulia mumewe. Hapa ndipo wanapocheka. Yeye hupiga bandi peke yake kwenye kona ya chumba, mumewe amelala.

Akamgeukia Lewis, na ulimi ukamponyoka. Akamwambia basi, wewe ndiye mwenye bahati. Baba akifa, Sir ni wewe. Mwanangu atabaki kuangalia.

Yahya akasema jina lake, Ibtisam, kwa chini. Lakini Lewis alikuwa amekwisha kuweka kikombe.

"Samia ana umri gani?" akauliza.

"Tisa."

"Mimi nilipokuwa na miaka tisa alikuwa ameshakuja huku. Baadaye nikawa napata picha. Samia kafundishwa kuogelea, Samia juu ya mabega, Samia anachanwa nywele. Mimi hajawahi kunichana nywele." Akajaribu kucheka, sauti ikamwangusha. "Mwambie tubadilishane. Cheo nampa chote, na ndoo zake. Yeye anipe Ijumaa."

Nje mwadhini hakuadhini, gari halikupiga honi, mambo hayakumsaidia mtu. Yahya alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, na Ibtisam akaona kwa mara ya kwanza kwamba mumewe hajui la kufanya na mtoto anayelia, kwa kuwa mwenyewe alipolia alikuwa mbali na kila mtu, na ndoo hazimbembelezi mtu.

Na ajabu ni kwamba alimwelewa kijana yule kuliko alivyowahi kumwelewa mumewe. Miezi yote hii huyu naye alikuwa na mgeni wake, anamlisha. Amekaa Riyadh akimwonea binti wa Jeddah kijicho cha Ijumaa, na Jeddah mama mtu akimwonea yeye kijicho cha cheo.

"Vaa viatu," akamwambia.

Lewis hakuelewa.

"Alhamisi utapanda ndege na baba yako. Usije peku, mama yangu atakusema." Halafu, kwa sababu hakutaka waone amelainika, akaongeza kwamba asitarajie kitanda, atalala sebuleni, na asidhani yeye ameshampenda. Lewis akasema hapana, hajadhani. Yahya akainua uso kama anayetaka kushukuru, na Ibtisam akamwambia akae kimya, yeye zamu yake bado, mazungumzo yao yatakuwa marefu.

Ijumaa baada ya sala walitandika mkeka sebuleni Jeddah, Bi Wafaa akaleta sinia la pilau. Lewis alikaa amekunja miguu vibaya, magoti yamefika masikioni, na Bi Wafaa akamwambia Ibtisam kwa Kiswahili kwamba hili ni jitu, lishibishwe kabla halijaangukia ukuta. Samia alikuwa hajasema neno tangu jioni ya jana. Alimzunguka mgeni kwa macho, akamtazama masikio, akashika yake.

Kila Ijumaa Yahya huchambua nyama ya mbavuni, ile laini, akaisukuma upande wa Samia. Mkono wake ukaenda kama kawaida, ukachukua nyama, ukafika katikati ya sinia ukasimama. Upande huu binti, upande huu kijana. Meja mzima ameganda na kipande cha nyama.

Ibtisam alijua nyama ile ikienda kwa Lewis itamchoma. Alijua pia ikienda kwa Samia, kijana yule atashusha macho kwenye wali, atasema hapana, nimeshiba, kwa adabu zake zile. Akanyoosha mkono, akainyang'anya vidoleni mwa mumewe, akaiweka mbele ya Lewis. Mkono ulikuwa mzito kama umebeba tofali. Ilichoma kama alivyojua.

Samia akatazama. Akamtazama mama yake, akamtazama baba yake. Halafu akajinyoosha juu ya sinia lote, mkono wa nguo ukagusa wali, akaichukua nyama ile mbele ya Lewis na kuitia kinywani, akaitafuna huku amemkazia macho.

Lewis akatazama pale palipobaki patupu. Akachukua ndimu ya Samia.

"Mama!" Samia akasema, kinywa kimejaa. "Mwambie arudishe."

"Mwambie mwenyewe," Ibtisam akasema. "Si kaka yako?"